Kipimo cha kuganda kwa damu kimetoka na alama: je, damu ya baba ni nzito?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, na ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 14 sasa. Anameza metfomini na glibenklamidi. Anasubiri upasuaji wa ngiri wiki mbili zijazo, na katika maandalizi wamempima kuganda kwa damu. PT imetoka sekunde 12.2, INR 0.9, na APTT sekunde 24.1. Hiyo APTT imewekewa alama kwamba iko chini, maana kiwango cha maabara yao ni 26 hadi 36. Chembe sahani ni 288,000. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula huwa kati ya 9 na 11. Nyumbani kila mtu anasema wenye kisukari damu yao ni nzito na huganda hovyo. Baba mdogo, ambaye ana vali ya bandia ya moyo na anatumia warfarini, amempa baba vidonge sita avimeze kabla ya upasuaji. Bado hajameza. Je, avimeze? Kama hapana, aanze aspirini? Na hicho kipimo kina maana gani hasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na vidonge, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri nimalize mengine. Baba asimeze hata kimoja, na virudi kwa baba mdogo leo hii.

Warfarini haifanyi kazi siku ile unayoimeza. Inalizuia ini kutengeneza protini za kugandisha damu zinazohitaji vitamini K, na zile zilizokwisha kutengenezwa huchukua siku kadhaa kwisha. Maana yake ni kwamba mtu anayeimeza karibu na upasuaji hufika kwenye meza ya daktari damu yake ikiwa ndiyo kwanza imeanza kugoma kuganda. Hata wanaoitumia kwa sababu halali kwa kawaida huambiwa waiache siku tano hivi kabla ya kupasuliwa. Tena baba anameza glibenklamidi. Dawa hizi mbili hupitia njia moja kwenye ini, na zikikutana sukari inaweza kushuka ghafla. Upande wa pili ni baba mdogo mwenyewe: vidonge sita alivyotoa ni dozi zake sita. Mwenye vali ya bandia akikosa dozi, bonge la damu linaweza kujijenga juu ya vali likaikwamisha, au likachomoka likaenda kwenye ubongo. Najua ametoa kwa mapenzi. Mshukuru, kisha hakikisha navyo anavimeza yeye, kwa utaratibu wa kliniki yake.

Sasa tuje kwenye kipimo, na hapa naomba uvumilivu kidogo, kwa sababu ukielewa kinavyofanyika utajijibu mwenyewe nusu ya maswali yako.

Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha bluu hafifu. Ndani yake mna sitrati ya sodiamu, ambayo kazi yake ni kuifunga kalsiamu, maana bila kalsiamu damu haigandi. Maabara hukizungusha kichupa kwa kasi mpaka seli zitue chini, kisha huchukua plasma, yaani yale maji ya damu ya rangi ya manjano yanayobaki juu. Plasma hupashwa joto la nyuzi 37, hurudishiwa kalsiamu pamoja na kichokozi maalumu, na saa huanza kuhesabu. Uzi wa kwanza wa mgando ukionekana, saa inasimama. Basi, hizo ndizo sekunde zilizoandikwa kwenye karatasi ya baba. PT na APTT zinatofautiana kwa aina ya kichokozi tu: PT huchungulia zaidi protini zinazoanza kazi mshipa unapojeruhiwa, na APTT huchungulia kundi jingine, likiwemo lile linalopungua kwa wagonjwa wa hemofilia. INR ni PT ile ile iliyosawazishwa, maana vichokozi vya viwanda mbalimbali vilikuwa vikitoa sekunde tofauti kwa damu moja. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mpango huo mwaka 1983 ili mtumiaji wa warfarini apate namba moja popote anapopimwa. Kwa mtu asiyetumia warfarini na mwenye ini zima, INR 0.9 na 1.0 ni kitu kimoja.

Angalia basi vitu vilivyoachwa nje ya kile kichupa. Chembe sahani, vile vichembe vya damu vinavyonatana kuziba jeraha, zimetuama chini pamoja na seli nyingine. Ukuta wa mshipa haumo. Mwendo wa damu haumo. Na saa imesimama mgando ulipoanza tu, kwa hiyo hakuna aliyeangalia kama mgando ule ni mgumu au laini, wala kama mwili ungeweza kuuyeyusha baadaye.

Nalikazia hili kwa sababu matatizo ya kuganda kwa damu kwenye kisukari yamejificha karibu yote katika hayo yaliyoachwa nje. Sukari ikikaa juu kwa miaka, utando wa ndani wa mishipa huchakaa. Utando huo, ukiwa mzima, hutoa naitriki oksaidi na prostasaiklini, vitu vinavyozituliza chembe sahani zisishikane bila sababu. Ukichakaa, utulizaji unapungua, na chembe sahani zenyewe kwa mwenye kisukari huwa nyepesi kuamka na kunatana. Sukari pia hujibandika kwenye protini, kama inavyojibandika kwenye himoglobini tunapopima HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi. Ikijibandika kwenye fibrinojeni, ile protini inayogeuka kuwa nyuzi za mgando, wavu unaofumwa huwa wa nyuzi nyembamba zilizosongamana, mgumu kuyeyushwa. Juu ya hapo kuna protini iitwayo PAI-1, breki ya mfumo wa kuyeyusha mgando. Kwa watu wa kisukari cha aina ya pili, hasa wenye mafuta mengi tumboni, PAI-1 huwa juu, na mgando ambao kwa mtu mwingine ungeyeyuka kimya kimya unaweza kubaki pale pale.

Kwa hiyo ndugu zako wanaosema damu ya mwenye kisukari huelekea kuganda hawajakosea. Kosa ni kudhani kwamba PT na APTT ndizo zinazoonyesha hilo. Vipimo hivi viliundwa kujibu swali la upande wa pili: je, kuna upungufu utakaomfanya mtu huyu avuje damu? Mwenye kisukari anaweza kupata PT, INR na APTT safi kabisa asubuhi, na jioni akapata mshtuko wa moyo kwa bonge la damu. Nimeona wagonjwa wakitembea na karatasi ya namba nzuri kama kinga, na inaniuma, kwa sababu wengine wao sukari na presha zao zilikuwa zimeachwa bila kushughulikiwa.

Kuna kisa kimoja cha kweli ambacho tunafundishwa sisi madaktari, nacho kinafanana na hali ya baba kwa sababu kilianza na kipimo kabla ya upasuaji. Mfanyakazi mmoja wa reli huko Marekani, John Hageman, alipimwa damu akiandaliwa kupasuliwa kidonda cha tumbo. Damu yake ndani ya kichupa ilichelewa kuganda kupita kiasi, ingawa maishani mwake hakuwahi kuvuja damu isivyo kawaida. Oscar Ratnoff na Joan Colopy walimwelezea mwaka 1955, na protini aliyokosa, ambayo leo ni namba 12 katika orodha ya protini za kugandisha damu, hadi sasa huitwa pia kwa jina lake. Mwaka 1968 Hageman alivunjika nyonga, na akafa. Kilichomuua kilikuwa bonge la damu lililosafiri hadi kwenye mapafu.

Sasa ile 24.1 yenye alama. APTT fupi kwa sekunde mbili hivi mara nyingi hutokana na jinsi damu ilivyotolewa. Mshipa ukisumbua, sindano ikatafuta huku na huku, damu ikatoka kwa kusuasua, huanza kuganda kidogo kabla haijachanganyika na sitrati, na kipimo kinatoka kifupi. Kichupa kikijazwa kupita alama, yaani uwiano wa sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrati ukivurugika, namba nayo inaweza kuwa fupi. Kisipojaa hutoka ndefu. Mkumbushe baba: walimchoma mara ngapi? Sababu ya pili ni protini namba 8, ambayo hupanda mwili ukiwa na uvimbe, maambukizi au msongo, na kwa watu wa kisukari mara nyingi iko juu kidogo siku zote. Ni kweli kwamba tafiti zimeona APTT fupi ikiambatana na mabonge ya damu kwenye mishipa ya vena, lakini uhusiano huo ni wa makundi makubwa ya watu. Hakuna daktari makini anayempa mtu dawa ya kuzuia kuganda kwa sababu ya 24.1 peke yake. Kama mnataka utulivu wa moyo, kipimo kirudiwe kwa mchomo mmoja safi, kichupa kijae hadi kwenye alama, kigeuzwe taratibu mara chache bila kutikiswa, na kifike maabara mapema. Kwa APTT tunapenda ifanyiwe kazi ndani ya saa nne. Ikirudi 24 tena, bado upasuaji hauzuiliki kwa hilo. Chembe sahani 288,000 ziko sawa kabisa, kiwango cha kawaida kikiwa 150,000 hadi 450,000, ingawa kumbuka kwamba kuzihesabu hakutuambii zina wepesi gani wa kunatana.

Hilo neno "damu nzito" nalo linahitaji kutenganishwa, maana watu hulitumia kwa mambo matatu: damu inayoganda upesi, damu yenye seli nyekundu nyingi, na damu iliyokaukiwa maji. La tatu linamhusu mwenye kisukari moja kwa moja. Sukari ikipanda sana mtu hukojoa mno, maji mwilini hupungua, na damu inakuwa nzito kweli kweli. Katika ile hali ya dharura ambapo sukari hupita 30 na mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa, mabonge ya damu ni moja ya mambo tunayoyaogopa zaidi, na mara nyingi mgonjwa hupewa kinga dhidi yake wodini pamoja na maji na insulini. Figo pia huingia hapa: zikivujisha protini nyingi sana kwenye mkojo, hupotea na zile protini zinazozuia damu isigande ovyo, na miguu inaweza kupata mabonge.

Kuhusu aspirini. Zamani tulikuwa tunampa karibu kila mwenye kisukari aliyepita umri fulani, mimi nikiwa mmoja wao. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa ASCEND, uliofanyika Uingereza kwa watu 15,480 wenye kisukari ambao hawajawahi kupata ugonjwa wa moyo wala kiharusi. Nusu walipewa aspirini miligramu 100 kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.4. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yalikuwa asilimia 8.5 kwa waliomeza aspirini na 9.6 kwa wasiomeza. Kuvuja damu kukubwa kulikuwa asilimia 4.1 kwa 3.2. Yaani katika kila watu 1,000, takriban 11 waliokolewa na tukio la mishipa, na takriban 9 walivuja damu vibaya, wengi tumboni. Faida na hasara karibu zinalingana, kwa hiyo aspirini ya kinga kwa mtu ambaye hajawahi kupata tukio ni uamuzi wa kukaa na daktari na kupima hatari za huyo mtu mmoja. Kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha bonge la damu, hesabu ni nyingine kabisa, na huyo asiiache bila kuambiwa. Hujataja kwamba baba amewahi kupata hayo, na ana kisu mbele yake. Asianze sasa. Aspirini huzilemaza chembe sahani kwa maisha yao yote, ambayo ni siku 7 hadi 10, na wala PT na APTT hazitaonyesha kwamba ameimeza. Daktari wa upasuaji atajua kwa kuambiwa tu.

Kinachonishangaza kwenye orodha ya dawa za baba ni kitu kisichokuwemo. Ana miaka 61, kisukari miaka 14, na hajatajwa kuwa kwenye statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Utafiti wa CARDS, uliochapishwa mwaka 2004, uliwachukua watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo, na miligramu 10 za atovastatini kwa siku zilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 37, kiasi kwamba utafiti ulisitishwa miaka miwili kabla ya muda wake. Mabonge mengi yanayowaua wenye kisukari hujengeka pale uvimbe wa mafuta uliojijenga kwenye ukuta wa mshipa unapopasuka. Ukiutuliza uvimbe ule, chembe sahani hazipati pa kuanzia. Miongozo ya leo inapendekeza statini kwa karibu kila mwenye kisukari wa miaka 40 hadi 75. Muulizeni daktari wake wa kisukari kwa nini hana. Huenda ipo sababu, lakini iulizwe.

Na ile sukari ya asubuhi ya 9 hadi 11 ndiyo iliyonisimamisha nilipousoma ujumbe wako, kabla hata ya APTT. Wengi tunalenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula. Kwa upasuaji usio wa dharura kama wa ngiri, HbA1c hupendelewa iwe chini ya asilimia 8 au 8.5, kwa sababu juu ya hapo vidonda huchelewa kupona na maambukizi huongezeka. Kama hajapimwa HbA1c ndani ya miezi mitatu, ipimwe wiki hii, pamoja na presha, kolesteroli, kiwango cha utendaji wa figo na albumini kwenye mkojo. Hivi ndivyo vinavyotuonyesha mishipa ya baba iko wapi. Ikiwa HbA1c ni 10, ningependa upasuaji usogezwe wiki kadhaa kuliko kuharakishwa, ilimradi ngiri haijanasa.

Usidhani kwamba vipimo vya kuganda havina kazi kwa mwenye kisukari. Anayetumia warfarini hawezi kuishi salama bila INR, na hupimwa upya kila anapobadilishiwa dawa: kotrimoksazoli, metronidazoli na flukonazoli, ambazo wenye kisukari huandikiwa mara kwa mara kwa ajili ya maambukizi na fangasi, zinaweza kuipandisha hadi mtu akavuja, na rifampisini huishusha. Anayetumia dawa mpya za kuzuia kuganda kama rivaroksabani au apiksabani, INR haimwambii kitu kuhusu dozi yake. Cha kumfuatilia zaidi ni figo. Mwenye mafuta kwenye ini, jambo la kawaida sana kwenye kisukari cha aina ya pili, INR ikianza kupanda na chembe sahani kushuka, tunajiuliza kama ini limefika kwenye makovu. Na mguu mmoja ukivimba ghafla tunaweza kutumia D-dima, ambayo hupima mabaki ya mgando ulioyeyushwa. Ikiwa chini kwa mtu ambaye dalili zake ni hafifu, inatosha kuliondoa wazo la bonge. Ikiwa juu haithibitishi chochote, kwa sababu kidonda, maambukizi, upasuaji na umri pekee huipandisha. Baada ya miaka 50 kikomo cha kawaida cha 500 hubadilishwa kwa kuzidisha umri mara 10, hivyo kwa baba ni 610.

Kabla ya siku ya upasuaji, daktari wa upasuaji na yule wa usingizi wanahitaji kusikia mambo ambayo hayamo kwenye karatasi. Je, baba aliwahi kung'olewa jino akavuja hadi kesho yake? Hutoka michubuko bila kugongwa? Kuna ndugu wa damu aliyewahi kuvuja vibaya, au kupata bonge mguuni au kwenye mapafu? Anatumia dawa yoyote ya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, au dawa za mitishamba? Majibu ya maswali haya hutabiri uvujaji vizuri kuliko APTT. Waulizwe pia asubuhi hiyo ameze nini, kwa sababu glibenklamidi juu ya tumbo lililofunga inaweza kumwangusha kwa kushuka sukari, na kama hatari yake ya bonge ni kubwa wao ndio watakaoamua kumchoma heparini baada ya kisu. Kazi yenu ninyi nyumbani ni kumtembeza mapema na kuhakikisha anakunywa maji.

Wiki za mwanzo baada ya hapo, mguu mmoja ukivimba au shavu la mguu likiuma, pumzi zikikata ghafla, akikohoa damu, uso ukipinda au maneno yakimkwama, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa kuwa kisukari cha miaka mingi huzichosha neva, mshtuko wa moyo kwake unaweza kuja bila maumivu ya kifua: jasho jembamba, kuishiwa nguvu, kuhema, kichefuchefu. Msimsubiri ashike kifua ndipo mwamini.